Mto Mmoja, Walaji Wengi: Safari ya Nchi ya Dubu Wakubwa wa Alaska

Ndugu msomaji, wanyama wakubwa si wageni kwetu. Ndovu, kiboko na kifaru tunawajua, na hata mtoto wa mjini ambaye hajapata kuwaona kwa macho yake amekwisha kuwaona katika noti na stempu. Lakini yuko mnyama mmoja ambaye jina lake tunalitamka tangu tukiwa darasa la kwanza, na ambaye hakuna hata mmoja wa aina yake anayeishi porini katika bara letu. Mnyama huyo ni dubu. Wale waliokuwako katika milima ya Atlas, kaskazini kabisa mwa Afrika, walikwisha katika karne ya 19. Leo, mwenye hamu ya kumwona dubu katika makazi yake hana budi kuvuka bahari.

Na akitaka kumwona dubu wa kahawia aliye mkubwa kuliko wote, basi safari yake ni ndefu zaidi. Itampeleka Alaska, jimbo la Marekani lililo katika pembe ya kaskazini-magharibi ya Amerika Kaskazini, nchi ambayo Mrusi aliimiliki kwanza kisha akaiuzia Marekani mwaka 1867 kwa dola 7,200,000. Twende huko pamoja, msomaji. Tutatazama maajabu, kwani maajabu yapo. Lakini tutachukua pia swali moja la kujiuliza njiani: ikiwa mto ni mmoja, na samaki ni wale wale, na wanaowataka ni dubu, mvuvi, mwenye kiwanda na mgeni mwenye kamera, nani atampisha mwenzake?

KISIWA CHA WAVUVI NA DUBU

Kutoka Anchorage, mji mkubwa kuliko yote ya Alaska, ndege huchukua muda wa saa moja hivi kuelekea kusini-magharibi hadi Kisiwa cha Kodiak. Eneo la kisiwa hicho ni kama kilometa za mraba 9,300. Ungeweza kuviweka ndani yake visiwa vitano vya ukubwa wa Unguja na nafasi ikabaki. Katika Marekani yote ni kisiwa kikuu cha Hawaii tu kinachokizidi kwa ukubwa.

Usitegemee kuona theluji kila mahali. Ukifika mwezi wa Julai utaona milima ya kijani kibichi, majani yanayomfika mtu kifuani, ukungu na mvua zisizokwisha. Ndiyo maana wenyeji hukiita Kisiwa cha Zamaradi. Barabara ziko upande wa kaskazini-mashariki tu, penye mji. Sehemu kubwa ya kisiwa haina barabara hata moja, na anayetaka kwenda huko hupanda mashua au ndege ndogo zinazotua juu ya maji.

Mji wa Kodiak ni mji wa kazi. Bandari yake ni miongoni mwa bandari kubwa za uvuvi za Marekani. Gatini meli hushusha samaki, na viwandani wafanyakazi, wengi wao wenye asili ya Ufilipino, husimama zamu nzima wakipasua, wakiosha na kufungasha. Ukisikia harufu ya soko la samaki alfajiri, utajua kwamba watu wa pwani ni watu wa pwani popote walipo.

Katika Kodiak na visiwa vidogo vinavyokizunguka wanaishi watu wapatao 13,000. Wanaishi pia dubu wapatao 3,500. Maana yake ni kwamba kwa kila watu wanne pana dubu mmoja. Dubu hao wametengana na wenzao wa bara kwa muda wa miaka 12,000 hivi, tangu barafu za kale zilipoyeyuka na bahari ikakizingira kisiwa. Wataalamu wanawahesabu kuwa ni aina ndogo ya pekee miongoni mwa dubu wa kahawia.

UMBO LA JITU

Dubu dume wa Kodiak aliyekomaa huweza kufikia uzito wa kilo 680. Hayo ni karibu magunia saba ya mahindi ya kilo mia mia, yaliyokusanywa katika ngozi moja na kupewa miguu. Akisimama kwa miguu ya nyuma huweza kupita urefu wa mita tatu, basi nyumba nyingi za mjini asingeweza kusimama ndani bila kugonga dari. Jike ni mdogo kuliko dume. Wote wana nundu mabegani, nayo si mafuta kama nundu ya ng'ombe, bali ni msuli wa kuchimbia.

Mtu atauliza: ukubwa huo umetoka wapi? Jibu ni chakula. Dubu wa kahawia wa bara, wale waishio mbali na bahari katika milima na mbuga za ndani za Alaska, ni wa jamii hiyo hiyo, lakini mara nyingi hufikia nusu tu ya uzito huo. Wao huishi kwa mizizi, matunda madogo, panya wa mashimoni na nyama ya kubahatisha. Mwenzao wa pwani ana karamu inayomjia kila mwaka kutoka baharini, na karamu hiyo humjia kwa miguu yake mwenyewe, kama samaki angekuwa na miguu.

SAMAKI ANAYERUDI KUFA

Karamu hiyo ni samaki aitwaye samoni. Huanguliwa katika maji baridi ya vijito, kati ya kokoto. Akipata nguvu huteremka mtoni hadi baharini, na huko huishi miaka kadhaa akila na kunenepa. Ndipo siku moja huanza safari ya kurudi. Huvuka bahari, huutafuta mdomo wa mto ule ule alioutoka, kisha kwa kunusa harufu ya maji hupanda hadi karibu na kijito alichozaliwa. Wahenga wetu walisema mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Walikuwa wakimnena baharia, lakini hawakumkosea samoni.

Akifika, jike hutaga maelfu ya mayai, dume huyarutubisha, na baada ya siku chache wote wawili hufa. Hakuna anayerudi baharini. Mito yote hujaa samaki, walio hai na waliokufa, na dubu wanalijua juma lake.

Hapa pana jambo ambalo mtazamaji wa haraka halioni. Dubu hali samaki wake mtoni tu. Mara nyingi humchukua hadi msituni akamle kwa utulivu, mbali na wanyang'anyi. Samaki wakiwa wengi sana hula zile sehemu zenye mafuta tu, yaani ngozi, ubongo na mayai, na kuacha kiwiliwili kizima chini ya mti. Ndege hula, mbweha hula, wadudu hula, na kinachobaki huoza. Wanasayansi walipopima miti ya kando ya mito hiyo waligundua ndani yake naitrojeni iliyotoka baharini, kirutubisho kile kile ambacho mkulima hukinunua katika mfuko wa mbolea. Kwa hiyo dubu ni mchukuzi. Huubeba utajiri wa bahari na kuupandisha nchi kavu, na msitu hustawi kwa kazi yake bila yeye kujua.

MAPOROMOKO YA BROOKS

Ng'ambo ya mlango wa bahari, bara, mkabala na Kodiak, iko Hifadhi ya Taifa ya Katmai. Tarehe 6 Juni, 1912, volkano iitwayo Novarupta ililipuka huko, mlipuko mkubwa kuliko wote wa karne ya 20. Mji wa Kodiak ulifunikwa na giza kwa muda wa siku tatu hivi, na watu hawakuweza kuiona taa iliyoshikwa kwa mkono ulionyooshwa. Mwaka 1918 serikali ya Marekani iliitenga nchi hiyo ili kuhifadhi maajabu ya volkano. Leo wageni wengi wanaofika hawaendi kutazama majivu. Wanakwenda kuwatazama dubu, ambao katika Katmai wanakadiriwa kuwa 2,200.

Mahali pao maarufu ni Mto Brooks. Ni mto mfupi mno, usiotimiza kilometa tatu, unaounganisha maziwa mawili. Katikati yake pana maporomoko yenye kimo cha mita mbili tu. Samoni waliotoka Ghuba ya Bristol hufika hapo mwezi wa Julai na hawana njia ila kuruka. Dubu husimama juu ya ukingo wa maporomoko, mdomo wazi, na samaki hujirusha wenyewe kinywani.

Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja. Hapa utaona fahali kumi, pengine ishirini, katika mto mmoja. Je, methali imeshindwa? La. Dubu kwa desturi ni mnyama wa upweke, asiyependa jirani. Lakini chakula kikiwa tele, hujifunza kuvumiliana. Kila mmoja anamjua mkubwa wake. Dume mwenye nguvu huchukua mahali penye samaki wengi. Akija mwenye nguvu zaidi, wa kwanza huondoka bila vita, kwa kugeuza kichwa tu. Vita hutokea, na majeraha yake ni makubwa, lakini ni vichache kuliko unavyodhania. Mwenye kupigana kila siku hapati nafasi ya kula.

Baadhi ya dubu wa Brooks wamejulikana dunia nzima kwa sababu ya kamera zilizowekwa mtoni, ambazo hupeleka picha kwa njia ya intaneti. Tangu mwaka 2014 watazamaji hupiga kura kila mwaka, majira ya majani kupukutika, kumchagua dubu aliyenenepa kupita wenzake. Ni mashindano ya kuchekesha ambayo yamepata kukusanya kura zaidi ya milioni moja kwa mwaka mmoja. Mshindi wa kwanza alikuwa dume mzee aliyeitwa Otis. Huyo alikuwa amepungukiwa na meno, wala hakuwa mpiganaji. Alikaa mahali pake majini kimya, akasubiri, huku vijana wakikimbiakimbia. Alishinda mara nne, mara ya mwisho mwaka 2021.

Lakini mto huo si mahali pa kuchekesha tu. Mwezi wa Julai 2024 watoto wawili wa dubu jike aitwaye Grazer walichukuliwa na maji wakaanguka chini ya maporomoko, mahali aliposimama dume mkubwa kuliko wengine, aitwaye Chunk. Dume akawashambulia. Mama alimrukia, ingawa dume alimzidi sana kwa uzito, akapigana naye mpaka akamwondoa. Mtoto mmoja aliokoka. Wa pili alikufa kwa majeraha. Grazer alirudi mtoni, akavua, akamlea aliyebaki. Miezi mitatu baadaye watu walipopiga kura, waliobaki katika duru ya mwisho walikuwa ni hao hao wawili, Grazer na Chunk, na mama ndiye aliyeshinda.

USINGIZI WA MIEZI MITANO

Unene ule unaoshangiliwa na wapiga kura si anasa, msomaji. Ni akiba. Theluji ikianza kuanguka, mto huganda na chakula hutoweka. Mwishoni mwa Oktoba majike wenye mimba huanza kuingia katika mashimo waliyochimba milimani, na wengine hufuata. Humo dubu hulala miezi mitano au zaidi. Hali, hanywi, hajisaidii. Mapigo ya moyo hupungua sana, na mwili huishi kwa mafuta yale yaliyotokana na samaki. La kustaajabisha ni kwamba akiamka, mifupa yake haijadhoofika na misuli yake ingalipo. Mwanadamu akilala kitandani kwa muda huo asingeweza kusimama. Ndiyo sababu madaktari wanamchunguza mnyama huyu kwa makini.

Jike hushika mimba mwanzoni mwa majira ya joto, lakini kijusi hakianzi kukua mara moja. Husubiri hadi mwezi wa Novemba hivi. Mama akiwa na mafuta ya kutosha, mimba huendelea. Akiwa amekonda, mwili huiacha. Watoto huzaliwa ndani ya shimo, mwezi wa Januari au Februari, vipofu, kila mmoja hafikii nusu kilo ya sukari. Lile jitu la magunia saba ya mahindi lilianza hivyo. Hukaa na mama yao miaka miwili hadi mitatu wakijifunza njia, mito na majira. Baba hana sehemu katika malezi, na kama tulivyoona, mara nyingine yeye ndiye hatari kubwa.

Basi utaona, ndugu msomaji, jinsi mambo yalivyofungamana. Samaki wakipungua mwezi wa Julai, hapana mlio wa njaa utakaosikika. Ila Februari inayofuata, ndani ya shimo lililofunikwa na theluji, hapatazaliwa mtu. Hasara ya mto huonekana katika kitanda cha uzazi.

MKUKI, BUNDUKI NA NG'OMBE

Wa kwanza kuishi na dubu wa Kodiak ni watu wa kabila la Alutiiq, ambao wamekuwako kisiwani kwa zaidi ya miaka 7,000. Waliwinda dubu kwa mishale na mikuki, wakala nyama yake, na utumbo wake wakaushona kuwa makoti yasiyopenya maji, ya kuvaa katika mitumbwi yao ya ngozi. Mwaka 1784 mfanyabiashara wa Kirusi Grigory Shelikhov aliingia kisiwani kwa mizinga, akaua watu wengi, akajenga kituo chake. Wanaume wa Alutiiq walilazimishwa kuwinda fisi-maji wa baharini kwa ajili ya ngozi, mbali na nyumba zao, na maradhi yaliyoletwa na wageni yakamaliza wengine. Ni hadithi ambayo msomaji wa Afrika hahitaji kufafanuliwa.

Baada ya Mrusi akaja mwenye kiwanda. Mwaka 1882 kiwanda cha kwanza cha kusindika samaki kwenye makopo kilifunguliwa Karluk, penye mto uliojaa samoni kupita kiasi. Viwanda vikaongezeka, nyavu zikaongezeka, na samaki wa Karluk wakapungua. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Samaki walipopungua, wengine hawakuilaumu nyavu. Walimlaumu dubu, wakasema yeye ndiye mwizi wa samaki.

Mwaka 1941 Rais Franklin D. Roosevelt alitia sahihi amri ya kuanzisha hifadhi ya wanyama ya Kodiak, ambayo leo inachukua kama theluthi mbili za kisiwa. Lakini amri ya karatasi haimalizi ugomvi. Wafugaji waliopewa malisho upande wa kaskazini-mashariki walipoteza ng'ombe wao kwa dubu, wakalia kwa serikali. Mwaka 1963 na 1964 jimbo la Alaska lilituma ndege ndogo iliyofungwa bunduki kuwaua dubu karibu na malisho hayo. Kazi hiyo ilifanywa kimya kimya. Habari ilipotoka magazetini, wananchi walikasirika, na ndege ile ikakomeshwa.

Kisha, tarehe 24 Machi, 1989, meli ya mafuta iitwayo Exxon Valdez ilipanda mwamba, na mafuta yakasambaa hadi pwani za Kodiak na Katmai. Uvuvi ulisimamishwa, na wavuvi walikaa gatini na nyavu zao kavu. Katika fedha zilizotozwa kwa ajili ya maafa hayo, sehemu moja ilitumika miaka ya 1990 kununua na kulinda ardhi ya Kodiak. Ardhi hiyo ilikuwa ya mashirika ya watu wa asili, waliorudishiwa haki zao za ardhi kwa sheria ya mwaka 1971, na ambao walikubali kuuza au kuweka masharti ili mito ibaki salama.

NANI ANAYEFUNDISHWA?

Sasa tulirudie swali letu. Wengi hudhani kwamba ili watu na dubu waishi pamoja, dubu lazima afugwe au aogopeshwe. Alaska imejifunza kinyume chake.

Katika Mto McNeil, kaskazini ya Katmai, zamani watu walikwenda bila mpango, na dubu wakaanza kuuhama mto. Mwaka 1973 jimbo likaweka utaratibu: kwa siku moja watu kumi tu, waliopata kibali kwa bahati nasibu, wakiongozwa na mtaalamu. Hutembea kwa njia ile ile, hukaa mahali pale pale, kwa saa zile zile, wala hakuna atoaye chakula. Dubu, akijua mtu yuko wapi na atafanya nini, humpuuza. Majike hunyonyesha watoto wao hatua chache kutoka kwa wageni. Wamepata kuhesabiwa dubu 144 mtoni humo katika msimu mmoja, na tangu utaratibu ule uanze hajajeruhiwa mgeni hata mmoja.

Huko Brooks nako, mgeni akishuka tu katika ndege hupelekwa darasani. Hufundishwa kukaa mbali na dubu kwa mita 45 hivi, kutokimbia, kutoacha hata ganda la tunda njiani, na kula chakula mahali palipotengwa tu. Waziri, tajiri na fundi bomba wote hukaa benchi moja na kusikiliza. Aliyezaliwa mtoni haendi shule hiyo. Anayekwenda ni mgeni.

Asiyetaka kufuata mpaka huo hulipa, na dubu hulipa pamoja naye. Mmarekani aitwaye Timothy Treadwell alikaa misimu 13 katika pwani ya Katmai, akiwasogelea dubu, akiwagusa na kuwaita rafiki. Oktoba 2003 yeye na mwenzake Amie Huguenard waliuawa na dubu kambini mwao. Waliofika kuchukua maiti walilazimika kuwapiga risasi dubu wawili. Mapenzi yasiyo na heshima yaliua wanne.

SAA ZA MAJIRA

Laiti mambo yote yangekuwa mikononi mwa mgeni na mwenyeji wa mto. Lakini yako mengine yanayotoka mbali. Porini Kodiak pana tunda dogo jekundu ambalo kwa kawaida huiva samoni wanapokaribia kwisha katika vijito. Dubu humaliza samaki kwanza, kisha hupanda milimani kwa matunda. Katika miaka yenye joto kupita kawaida, kama mwaka 2014, tunda hilo liliiva mapema, wakati ule ule samaki walipojaa mitoni. Watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2017 walieleza kwamba dubu waliacha samaki wakafuata matunda. Vijito vikabaki kimya. Samaki walikufa majini kwa uzee badala ya kupandishwa msituni, na ile kazi ya uchukuzi tuliyoisimulia haikufanyika. Karamu mbili zilizokuwa zikifuatana zikaandaliwa kwa saa moja, na mlaji ana tumbo moja.

Na katika vyanzo vya mito ya Ghuba ya Bristol, ghuba ile ile inayowapeleka samoni Brooks, kampuni za madini zimetaka kwa miaka mingi kuchimba shaba na dhahabu. Wavuvi na watu wa asili walisimama pamoja kupinga. Januari 2023 idara ya serikali ya Marekani inayohusika na mazingira ilipiga marufuku kutupwa kwa taka za mgodi huo katika maji yale, na ubishi wake ukaendelea mahakamani. Wanaodai kazi wana hoja, kwani kazi ni haki. Lakini wavuvi nao wanasema: kazi tunayo, na imekuwako kila mwaka tangu mababu, mradi mto uachwe ukiwa mto.

Pana jambo moja dogo linalofanywa kila msimu katika mito ya Alaska, nalo ndilo lililo na jibu. Tangu mwaka 1921 pamejengwa uzio wenye kilango katika Mto Karluk, ule ule uliokaribia kumalizwa na viwanda. Mtu hukaa hapo akihesabu samaki mmoja mmoja wanaopita kwenda juu kutaga. Nyavu za baharini huruhusiwa au huzuiwa kufuatana na hesabu hiyo. Wapite kwanza wa kuzaa. Wafuate wa kuvuliwa. Kadhalika dubu, aliyelaumiwa kuwa mwizi, hula katika wale waliopita. Mvuvi akisubiri siku chache gatini, na meli yake imefungwa, huona uchungu wa mshahara unaochelewa. Hata hivyo husubiri, kwa sababu babu yake hakusubiri na aliona matokeo.

Basi, ndugu msomaji, siku utakapomwonyesha mwanao picha ya dubu kitabuni, usimwambie tu kwamba huyu ni mnyama mkali wa nchi za baridi. Mwambie kwamba ni samaki waliomfanya kuwa mkubwa hivyo, na kwamba mahali anapoishi kwa amani na watu ni pale ambapo watu wamekubali kuhesabu kabla ya kuchukua.